Fahali Wawili Katika Zizi la Kioo

Msomaji, ukitoka mji wa Thika kwa njia iendayo Garissa, ukauacha mlima wa Kilimambogo upande wa mkono wako wa kulia, utafika mahali paitwapo Kithimani. Jina hili ni la Kikamba, na mtu ajuaye Kiswahili hana haja ya mkalimani ili kulifahamu: kithima ni kisima, na Kithimani ni kisimani. Katika nchi ya mvua nyingi hakuna atakayeona ajabu ya kisima hata akiite mji kwa jina lake. Katika nchi kavu kisima ndicho anwani ya watu wote.

Na nchi hii ni kavu. Karibu na hapo huanza uwanda mrefu wa Yatta, jiwe jeusi la lava lililomiminika zamani sana na kuganda, likanyooka kwa kiasi cha kilomita 300 kuelekea Tsavo. Upande mmoja kuna Mto Athi, ambao huko mbele hugeuka jina ukaitwa Galana na kisha Sabaki, ukaingia baharini karibu na Malindi. Upande wa pili kuna Mto Thika, uendao kujitia katika Tana. Baina ya mito hiyo miwili watu walikaa na kiu. Ilipotangazwa Hali ya Hatari nchini Kenya mnamo Oktoba 1952, maelfu ya watu waliwekwa kizuizini, na katika miaka iliyofuata mikono ya wafungwa hao ndiyo iliyochimba Mfereji wa Yatta, urefu wake yapata kilomita 60, kuyaleta maji ya Mto Thika juu ya uwanda huo. Nyanya na maharagwe ya Kithimani na Matuu hunywa maji hayo hata leo. Wachache wanywao humkumbuka aliyeshika jembe.

Lakini leo sitaki kukuandikia habari za mfereji. Nataka kukuandikia habari za samaki, na hasa za jambo ambalo kwa sura yake laonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi: kuwafuga samaki wakubwa wa jamii moja, pamoja, katika tangi la kioo lililopandwa majani, ndani ya nyumba. Pengine utauliza, mchezo huu na historia wapi na wapi? Nivumilie kidogo. Utaona kwamba yaliyotokea katika tangi la futi sita yalitokea pia katika maziwa yetu, na kwamba waliotenda katika maziwa wangalitazama tangi kwanza, wasingalitenda kama walivyotenda.

Jamii ya samaki ninayoisema wataalamu huiita Sikilidi. Wewe waijua kwa majina ya nyumbani. Perege ni wa jamii hiyo. Sato wa Mwanza ni wa jamii hiyo. Ngege wa Wajaluo ni wa jamii hiyo. Na wale wadogo wa Ziwa Viktoria wenye rangi nyingi, waitwao furu, ni wa jamii hiyo pia. Katika mito ya Athi na Tana yumo perege wa kwetu hasa, ambaye Bwana Günther wa jumba la makumbusho la London alimpa jina la kitaalamu mwaka 1894, katika samaki waliokusanywa na msafiri Gregory alipokwenda Mlima Kenya. Jina lake la sasa ni refu, Oreochromis spilurus niger. Neno la mwisho maana yake ni mweusi, kwa sababu dume akiingia katika majira ya kuzaa huvaa weusi kama bwana harusi aliyevaa joho.

Samaki hawa wana desturi mbili ambazo sharti uzijue kabla ya kuwaweka chumbani mwako. Ya kwanza ni ya dume. Dume hujichagulia eneo chini ya maji, akachimba shimo la duara kwa kinywa chake, akibeba mchanga funda baada ya funda, na kila dume mwenziwe apitaye hapo humfukuza kwa vitisho, na vitisho visipotosha, kwa meno. Ya pili ni ya jike. Jike huja katika shimo, hutaga mayai, kisha huyachukua yote kinywani. Humo mayai huanguliwa, na humo vitoto hukaa mpaka viweze kujitafutia chakula. Muda huo ni kama majuma mawili, na mama muda huo wote hali kitu. Ukimwona jike amefumba kinywa, kidevu kimemvimba na chakula kimepita mbele yake asikitazame, usidhani ni mgonjwa. Ana kijiji kizima kinywani.

Watu wa Misri ya kale waliliona jambo hili. Waliona vitoto vikitoka katika kinywa cha samaki, wakasema ni kuzaliwa upya, wakamfanya perege kuwa alama ya uhai unaorudi baada ya mauti. Katika kaburi la karani mmoja jina lake Nebamun, aliyeishi yapata mwaka 1350 kabla ya Kristo, ilichorwa picha ya bustani yake: katikati pana bwawa la pembe nne, lina mayungiyungi na mabata, na kandokando yake mitende na mitini, na ndani ya maji perege wanaogelea. Picha hiyo leo imo katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London. Basi mtu asikuambie kwamba kufuga perege katikati ya majani mazuri, kwa kuburudisha macho, ni mambo mapya ya Ulaya. Mwafrika alifanya hivyo kabla Roma haijawa mji. Ila nakuomba uangalie jambo moja: la Nebamun lilikuwa bwawa la bustanini, si sanduku la kioo. Samaki aliyeshindwa vitani alikuwa na pa kukimbilia.

Sanduku la kioo lilikuja baadaye sana. Mwaka 1850 Mwingereza Robert Warington, mtaalamu wa kemia, aliwaeleza wenzake jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe. Mmea ulitoa hewa samaki wavute, na uchafu wa samaki ukawa mbolea ya mmea. Hata hivyo majani yalipozeeka yaliana kuoza, maji yakaingia ukungu. Akatia konokono, konokono wakala yaliyooza, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Hapo mambo yakasimama sawa, kila mmoja akimlisha mwenziwe. Habari hii ilipendeza sana watu wa zama zile. Miaka mitatu baadaye bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote kuitazama, na kabla ya miaka kumi kwisha tangi la kioo lilikuwa katika kumbi nyingi za wenye mali.

Mapatano ya Warington ni mazuri, lakini yaliandikwa kwa ajili ya samaki wapole. Perege mkubwa hakutia sahihi.

Mimi mwenyewe nimeyaona haya kwa macho yangu, na kwa hasara yangu. Nalikuwa na tangi la urefu wa mkono mmoja na nusu, nikalitandika changarawe, nikapanda majani safu safu kama shamba la mchicha, kisha nikatia perege sita wadogo, kila mmoja urefu wa kidole. Kwa miezi kadhaa palikuwa na amani, nami nikajisifu kwa wageni. Wakakua. Asubuhi moja nikakuta nusu ya majani yanaelea, mizizi juu, na katikati ya tangi pana shimo kama sahani, na dume mmoja mweusi amesimama juu yake. Nikapanda tena, naye akang'oa tena, wala hakung'oa kwa chuki, alikuwa akijenga nyumba. Juma la pili dume mwingine akavaa weusi. Waswahili husema kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na katika tangi langu maneno hayo yalikuwa kweli bila ya fumbo. Siku ya nne yule mdogo wao alikuwa amejibanza pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika kama bendera kuukuu. Siku ya tano alikuwa amekufa. Nalimlaumu mshindi mpaka nilipofahamu kwamba mwenye hatia ni mimi. Katika mto, samaki aliyeshindwa huenda zake hatua kumi na vita vimekwisha. Mimi nalimnyima hatua kumi hizo.

Nikaulizia kwa wajuao, nikasoma, nami nakupa niliyopata, kwa kuwa huenda ukataka kujaribu. Samaki wanaofikia urefu wa shubiri na zaidi wataka tangi kubwa, lita 400 au kuzidi, na hata hilo si pana. Usiweke madume wawili peke yao: fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini, na hili ndilo lililonishangaza, fahali wanane huenda wakakaa. Wakiwa wengi, hakuna awezaye kulinda mpaka wake, kwa maana akimfukuza mmoja, watatu wameingia nyuma yake. Hasira hugawanyika mpaka hakuna aipataye yote. Panga mawe makubwa ili macho yasifike kutoka pembe moja hata nyingine, kwa kuwa samaki hagombani na asiyemwona. Mawe hayo yaweke juu ya kioo kwanza, kabla ya changarawe, asije mchimbaji akayaangusha. Mimea itie katika vyungu vizito na kufunika udongo wake kwa kokoto, au ifunge juu ya jiwe au gogo, na mingine iache ielee. Usichukue gugu-maji lenye ua la zambarau, hata likikuvutia. Lililotenda katika Ziwa Viktoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 latosha. Kisha kumbuka kwamba samaki wengi hutoa sumu nyingi katika maji, wala mimea michache haiwezi kuimaliza. Kila juma toa robo au theluthi ya maji, utie mengine. Maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, lakini hilo lisikutie hofu. Perege wa Athi ni mvumilivu wa chumvi mno, hata wataalamu wa Kuwait waliwahi kumfuga ndugu yake katika maji ya bahari ya Ghuba.

Wapo walioketi mbele ya matangi ya namna hii wakapata elimu kubwa. Konrad Lorenz wa Austria, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili kwa uchunguzi wao wa tabia za wanyama, alifuga sikilidi wa Afrika Magharibi wenye wekundu wa kito. Kwa hao, baba na mama hulea pamoja, na jioni baba huwazoa watoto waliochelewa kinywani mwake na kuwarudisha shimoni kulala. Siku moja Lorenz aliona baba akitafuta watoto waliopotea, akakuta kipande cha mnyoo, akakitia kinywani. Mara akamwona mtoto, akamchukua naye. Sasa alikuwa na vitu viwili kinywani: kimoja cha kwenda tumboni, na kimoja cha kwenda nyumbani. Akasimama kimya, hatafuni, hatikisiki. Kisha akavitema vyote viwili chini, akageuka akala mnyoo taratibu, huku jicho lake halimtoki mtoto. Alipomaliza akamchukua mtoto, akampeleka kwa mama yake. Wanafunzi waliokuwapo walipiga makofi.

Nimekueleza vita, na vita ndivyo aonavyo kila mfugaji. Lakini iko hatari ya pili ya kuwaweka sikilidi wakubwa pamoja, nayo haina kelele, haichani mapezi, wala haimfanyi mtu aamke usiku. Kwa hiyo sasa tutoke katika tangi dogo tuingie katika kubwa.

Ziwa Naivasha ni tangi kweli. Liko katika Bonde la Ufa, juu ya bahari kiasi cha mita 1,890. Maji yake ni matamu, na halina mto unaotoka ndani yake juu ya ardhi. Kando yake palikuwa na mafunjo, na ndani yake mayungiyungi ya samawati yalitanda kama mkeka. Kwa samaki lilikuwa karibu tupu: mwenyeji wake tuliyemjua alikuwa mmoja tu, kisamaki kidogo kisichofaa sufuria. Walowezi wa Kizungu waliona ziwa zuri lisilo na samaki wa kuvua kwa mshipi, wakaona ni upungufu wa kurekebishwa. Mwaka 1925 akatiwa humo perege wa kwetu, yule mweusi wa Athi na Tana, na mwisho wa miaka ile ya 1920 akaletwa samaki mla samaki kutoka Marekani, ili waungwana wamvue siku za mapumziko, naye ale perege. Kwa hiyo perege wetu alikwenda Naivasha si kama mgeni bali kama chakula cha mgeni. Hata hivyo alistawi, akawako humo miaka 30.

Mwaka 1956 akaletwa perege mwingine, aitwaye zillii, mpenda kula majani. Pamoja naye, kwa kutochaguliwa vizuri, wakaja wengine ambao hawakualikwa: perege wa aina ya leucostictus, ambao kwao ni maziwa ya Edward na Albert. Hebu fikiri, mtu ameagiza mbuzi, na katika kundi wamo kondoo watatu, naye asitazame. Mwaka 1959 uvuvi wa nyavu wa biashara ukaanza ziwani, na watu wakafurahia wingi wa samaki.

Sasa angalia yaliyotokea. Yule zillii hakuchanganyika na perege wetu, kwa kuwa desturi zao za nyumbani ni mbali: zillii haatamii kinywani, baba na mama hulinda mayai pamoja katika shimo. Leucostictus ni wa desturi moja na wetu. Dume lake huchimba na kungoja. Jike lake hutaga, huchukua kinywani na kwenda zake. Jike la Athi likipita juu ya shimo la dume la Albert hukuta nyumba kama za kwao. Wakazaana. Watoto waliozaliwa hawakuwa tasa kama nyumbu, bali walizaa nao, na wakarudi kuzaa na aina zote mbili. Hapakupiganwa vita hata kimoja. Nyavu zilijaa kama kawaida, na mvuvi aliyeuza samaki wake sokoni hakuona tofauti, wala mnunuzi hakuionja. Lakini kila mwaka waliokuwa weusi halisi walipungua, na waliokuwa mchanganyiko wakazidi, kisha hao nao wakamezwa na damu ya leucostictus. Mwaka 1971 wataalamu watatu, Elder, Garrod na Whitehead, waliandika habari za samaki hao waliochanganyika. Kufikia wakati huo perege wa kwetu alikuwa ametoweka Naivasha. Miaka 46 alikaa humo. Yule mla samaki wa Marekani hakuweza kummaliza, mkwe alimmaliza.

Yule kisamaki mdogo, mwenyeji wa asili, alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Naivasha wageni walikuja wengi, nami sijui mwenyeji gani aliyepona. Hata mayungiyungi: mwaka 1970 akatiwa humo kamba mwekundu wa matope kutoka Marekani, na miaka kumi na kitu baadaye mimea iliyokuwa imetanda juu ya maji na chini yake ilikuwa karibu imekwisha.

Ningeweza kusema kwamba hayo ni ya ziwa dogo. Lakini katika Ziwa Viktoria mambo yalikwenda njia hiyo hiyo, kwa ukubwa mwingine. Nyavu za kisasa ziliingia huko mwaka 1905. Michael Graham alipolichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alikuta ngege tayari wanapungua. Yeye ndiye aliyempa ngege jina la kitaalamu, esculentus, maana yake aliwaye, jina ambalo kwa hakika halikumsaidia. Katika miaka ya 1950 wakatiwa ziwani perege wageni, yule zillii, yule leucostictus, na sato wa Mto Nili, ili kujaza pengo. Pengo likajaa, na ngege akapoteza nafasi yake. Kisha likaja jitu lenyewe, sangara, ambaye wengine humwita mbuta, aliyetiwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960; alipozidi katika miaka ya 1980 aliwameza furu kwa mamia ya aina. Walikuwa aina kiasi cha 500. Inadhaniwa 200 au zaidi kati yao hawapo tena. Ngege wa asili waweza kumwona bado katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Siaya, ambako mafunjo yaliwazuia wageni mlangoni.

Hapa ndipo tangi la kioo liliporudi katika historia, na safari hii si kwa burudani. Watu walichukua furu waliosalia wakawapeleka katika matangi ya Ulaya na Marekani. Aina chache zilizokoma ziwani ziliendelea kuzaana nyuma ya kioo, mbali na nyumbani, zikilishwa kwa mkono. Na waliowatunza walijua sharti moja ambalo Naivasha halikujulikana: kila aina na tangi lake. Huko Leiden, Uholanzi, mtaalamu Ole Seehausen na wenzake waliwatazama furu wawili walio karibu ndugu, mmoja dume lake la samawati, mwingine jekundu. Katika mwanga wa kawaida majike yalichagua dume la aina yao. Mwanga ulipobadilishwa hata rangi mbili zile zikafanana, majike yakaacha kutofautisha. Mwaka 1997 walionyesha kwamba ndivyo ilivyo ziwani: pale maji yalipochafuka kwa udongo na mbolea zitokazo mashambani, rangi hazionekani, na aina zilizokaa mbalimbali kwa maelfu ya miaka zinachanganyika. Maji machafu hufanya kazi ya mshenga asiyejua ukoo wa watu.

Nisije nikakudanganya kwamba kila mchanganyiko ni msiba. Mkulima huona vingine. Perege akifugwa bwawani taabu yake kubwa si kufa bali kuzaa: huzaa mapema na mara kwa mara, hata bwawa likajaa samaki wengi wadogo wasiokua. Katika kituo cha Sagana, kilichoanzishwa mwaka 1948 chini ya Mlima Kenya, mabwana van Someren na Whitehead walishughulika na jambo hilo katika miaka ya 1950 kwa perege huyu huyu wa kwetu. Walimshika samaki mmoja mmoja, wakamgeuza, wakatazama kama ni dume au jike, wakatia madume peke yao katika bwawa. Na madume pasipo majike walikua vizuri kuliko kundi lililochanganyika. Ilikuwa kazi ya macho na subira. Mwaka 1960 Hickling, aliyekuwa Malacca, alitangaza njia nyingine: dume la perege aliyechukuliwa kutoka Zanzibar, likipewa jike la perege wa Msumbiji, huzaa watoto madume watupu au karibu watupu. Kisiwa chetu kiliifaa dunia kwa samaki ambaye wenyeji wengi hawakumjali. Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2009 kuchimba mabwawa katika majimbo ya uchaguzi 140, mabwawa 200 kwa kila jimbo, ilikuwa ikitembea katika njia iliyofyekwa na watu hao.

Lakini aliyejaza mengi ya mabwawa hayo ni sato wa Mto Nili. Ni mkubwa, hukua upesi, aweza kupita kilo tatu, wala simlaumu mkulima ampendaye. Sasa yumo pia katika mabwawa makuu ya Mto Tana. Desturi zake za nyumbani ni zile zile: dume huchimba na kungoja, jike huatamia kinywani. Na mvua kubwa inapokuja, kama ijavyo Ukambani kwa kishindo baada ya miezi ya vumbi, bwawa la mkulima hufurika, na maji hayaombi ruhusa ya kuingia mtoni.

Basi wewe ukaaye Kithimani, ukienda siku moja Mto Athi na kijana ajuaye kuvua, ukapata perege wawili watatu, uwaweke katika tangi la shule kama nilivyokueleza, na mawe yao na vyungu vya mimea. Usiwaongeze sato kutoka bwawani, hata ukipewa bure. Na ukichoka kuwafuga, usiende kuwamwaga mtoni. Mpe mwingine atakaye kufuga, au waliwe. Yatazame mapezi yao na mashavu yao, uyaandike katika daftari lako pamoja na tarehe na jina la mahali ulipowavua, kwa kuwa siku nyingine mtu atauliza perege halisi wa Athi alikuwaje. Ikitokea asubuhi moja ukamkuta jike amejitenga nyuma ya jiwe, hali, hafungui kinywa, mfunike tangi lake kwa kitambaa upande wa mlango, uwaambie wenzako wapite polepole. Baada ya siku 14 hivi njoo na taa, utazame karibu na kidevu chake.